Mwano Usioitikiwa

Nyanjige alikuwa ameketi uani anakata viazi vitamu vya kuanika, vya michembe, kijana mmoja alipoingia akiburuta mguu. Hakupiga hodi. Alipita juu ya viazi vilivyoanikwa, akavikanyaga, akaanguka kando ya mafiga. Hapo ndipo Nyanjige alipoona kipande cha mshale kimebaki pajani mwake na damu imelowesha suruali mpaka kwenye kiatu.

"Mayu," kijana alisema, kwa lile neno ambalo Wasukuma humwitia mama yeyote, "wananiua."

Upande wa mbugani filimbi zilikuwa zinalia, moja ikiijibu nyingine, zinakaribia.

"Umeiba?" Nyanjige aliuliza.

Kijana alimtazama kama mtu ambaye hakutegemea swali hilo. "Nimeiba, mayu. Maksai. Wenzangu wamekimbia nao, mimi nimechomwa mshale."

Nyanjige alijua maksai hao ni wa nani. Tangu alfajiri kijiji cha Mwanjolela kilikuwa kinasikia kelele za Masunga, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, aliyeamka akakuta lango la zizi limelala chini. Maksai wale ndio waliomlimia shamba lake la pamba, na kila mwaka wakiwalimia pia wajane ambao hawakuwa na plau.

Aliweka kisu chini. Alimshika kijana makwapani, akamvuta hadi ndani, akatoka, akafunga mlango, akasimama mbele ya mlango huo.

Miaka iliyofuata watu walipomwuliza kwa nini alifanya vile, hakuwa na maelezo marefu. Alisema mtoto wa mtu alikuwa anavuja damu uani kwake.

Sungusungu wa Mwanjolela hawakuwa watu wabaya. Asiyekuwepo anaweza kudhani hivyo. Kabla yao, wezi wa mifugo walikuwa wanaingia kijijini na bunduki, na familia zilikuwa zinalala vichakani msimu mzima kwa hofu. Ndugu yake Masunga aliuawa kwa mkuki akiwa ameshikilia mkia wa ndama wake. Bundala, mkulima wa pamba wa huko huko Sola, eneo lenye kijiji cha Mwanjolela, ndiye aliyewakusanya watu na kuwaambia wajilinde wenyewe, na ndiye waliyemchagua kuwa mtemi wao. Watu wakaanza kulala majumbani mwao tena. Halafu biashara ikafunguliwa, mambo yakawa ruksa, wanunuzi wa mifugo wakaanza kuja kutoka mbali na fedha mkononi, na ng'ombe aliyeibwa Sola leo angeweza kupandishwa kwenye behewa la treni stesheni ya Malampaka kabla mwenyewe hajamaliza kuulizia kwa majirani. Wizi ulirudi. Sungusungu wakakaza.

Sheria zao zilikuwa chache na kila mtoto alizijua. Ya kwanza ilikuwa mwano, yaani ile sauti kali ya kuita msaada. Ukiusikia mwano unaacha jembe, unaacha chakula, unakimbilia unakotoka, na wewe unaupaza ili wa mbele yako asikie. Asiyetoka anatozwa ng'ombe. Nyingine ilikuwa kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji pampuni, haendewi kwenye furaha wala msiba. Anayemsogelea anatengwa pamoja naye.

Masunga alifika na vijana wake, jasho linawatiririka, wakafuata matone ya damu mpaka mlangoni.

"Yuko ndani?" Masunga aliuliza.

"Yuko ndani," Nyanjige alijibu.

"Basi pisha."

"Sipishi. Mume wangu yuko shamba. Mtaingiaje kwa mtu ambaye mwenyewe hayupo?"

Vijana waliangaliana. Hilo nalo lilikuwa na uzito wake, na isitoshe mume wa Nyanjige, Ngeleja, alikuwa mdogo wake mtemi, baba mmoja mama mmoja. Masunga aliuma midomo, akamtuma mtu kumwita Bundala.

Bundala alikuja kwa miguu, mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusikiliza huku ameangalia chini. Alipokwisha kuelezwa alisema, "Shemeji, toka mlangoni."

"Mtamfanya nini?"

"Unajua."

"Mwizi ni mwizi, shemeji, sikatai. Mwenyewe ameniambia ameiba. Mpelekeni polisi."

"Polisi!" Masunga alicheka bila furaha. "Wale wa mwaka jana tuliwapeleka polisi. Pamba haijaisha shambani, tukakutana nao mnadani wanakunywa soda."

"Kwa sababu hamkwenda kutoa ushahidi."

"Tuache kulima, twende tukakae kwenye benchi la mahakama tuulizwe kama tuna uhakika?"

Wakati wanabishana Ngeleja alifika na mkokoteni wake. Hakuwa msemaji. Aliwasikiliza wote, akamgeukia mkewe. "Umewaambia apelekwe polisi?"

"Nimewaambia."

"Basi," Ngeleja alisema. Akageuza ng'ombe wake, akaingia ndani, akatoka amembeba yule kijana mgongoni kama gunia, akamlaza kwenye mkokoteni juu ya mabua.

Bundala alishika nira. "Ngeleja. Unajua unachokifanya?"

"Kaka, wewe ndiye uliyetuambia sungusungu ni kwa ajili ya kuzuia watu wasiuawe."

"Watu wetu."

"Huyu naye ana kwao."

Wale ndugu wawili walisimama wakitazamana juu ya shingo za ng'ombe. Masunga alikuwa ameshaweka mshale kwenye upinde, akimsubiri mtemi aseme neno. Bundala hakulisema. Aliachia nira, akasogea kando.

"Mchukue," alisema. "Lakini kitakachokuja, siyo mimi nitakayekileta. Ni kijiji."

Kijana yule jina lake lilikuwa Joakim. Nyanjige alilisikia njiani kwenda kituo cha polisi, alipokuwa akimshikia kitambaa pajani na mkokoteni ukiruka kwenye mashimo.

Kesi ilipoitwa, mahakama ilisubiri mashahidi. Nyanjige na Ngeleja walikwenda. Nyanjige alieleza mbele ya hakimu yale aliyoambiwa na kijana mwenyewe, lakini mwenye maksai hakufika, vijana waliomkimbiza hawakufika, na maksai wenyewe walikuwa wameshapotelea kwenye masoko ya mbali. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishowe Joakim akaachiwa. Alitoka akichechemea, akapita karibu nao, akainamisha kichwa, akaenda zake. Hakuna aliyemwona tena upande ule.

Habari zilitangulia kufika Mwanjolela kuliko wao. Masunga alikuwa amelima msimu huo kwa jembe la mkono, yeye na mkewe na watoto, na robo tu ya shamba ilipata mbegu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Alisimama kwenye mkutano wa sungusungu akaionyesha.

"Nimemkosea nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujibiwa. "Nimeibiwa. Mwizi tumemkamata. Mke wa Ngeleja amemficha, Ngeleja amempandisha kwenye mkokoteni kama mgonjwa, na sasa mwizi anatembea. Mimi ndiye ninayelala njaa. Hiyo ndiyo sheria?"

"Ungekuja mahakamani, Masunga," Nyanjige alisema.

"Mahakama siyo yangu! Ya kwangu ni hii."

Watu waliitikia kwa miguno. Mzee mmoja aliwataka Ngeleja na mkewe watoe ng'ombe, wapige magoti, waombe radhi, yaishe. Bundala alimtazama mdogo wake kwa macho ya kumsihi. Kila aliyekuwepo aliyaona macho yale.

"Toa ng'ombe, Ngeleja," Bundala alisema kwa upole. "Nitakusaidia kumpata."

"Siyo ng'ombe, kaka. Nikipiga magoti nitakuwa nimesema tulikosea. Na hatukukosea."

"Hukumkosea Masunga?"

Ngeleja alifikiri. "Masunga namwonea huruma. Nitamlimia shamba lake lote mvua zikianza tena, mimi na ng'ombe wangu, bila kuambiwa. Lakini sitaomba radhi kwa kuwa mtu hakuuawa nyumbani kwangu."

Masunga alitema mate chini. Kijiji kiliinua mikono kukubali watengwe, na Bundala, ambaye angeweza kusema asiwe yeye wa kutamka kwa kuwa ni ndugu yake, alisimama akatamka mwenyewe. Aliogopa wasije wakasema mtemi ana sheria mbili, ya watu na ya ukoo wake. Alitaja masharti yote bila kuruka hata moja. Alipofika kwenye lile la mwano, kwamba hata wakiita wasiitikiwe, sauti yake ilipungua, lakini alilitaja.

Kutengwa hakuna kelele. Asubuhi iliyofuata Nyanjige alimwambia jirani yake Justina "Mwangaluka", kama alivyomsalimia kila siku tangu waolewe kijijini hapo, na Justina akapita na ndoo yake akiangalia mbele. Aliona shingo ya Justina inatetemeka. Pampuni wanawake walikaa kimya mpaka akaondoka na ndoo tupu. Kanisani Jumapili, padri aliyekuja kutoka parokiani, ambaye hakujua lolote, alisema watakiane amani. Watu waligeuka kulia na kushoto, wakashikana mikono, na benchi la Ngeleja na Nyanjige likabaki kama lisilo na mtu. Ngeleja alimpa mkewe mkono. "Amani ya Kristo," alisema, na Nyanjige akaanza kulia hapo hapo, mbele ya wote.

Mvua zilipoanza tena, Ngeleja alipeleka plau yake shambani kwa Masunga kama alivyoahidi. Masunga alitoka na rungu akamfukuza.

Pamba yao waliichuma wawili. Binti yao Klementina, aliyeolewa Binza, mjini Maswa, aliwatumia salamu wahamie kwake. Ngeleja alikataa. Alisema akiondoka ataonekana amekimbia, na kwamba watu watachoka tu. Hawezi mtu kuacha kusalimia maisha yake yote.

Kiangazi kilipokuja, tatizo lilikuwa maji. Walikuwa wanachota kwenye mabwawa ya mtoni pamoja na ng'ombe wa watu, na mabwawa yalipokauka wakawa wanafukua mchanga. Mchanga nao ukakauka. Nyanjige akaanza kutembea mpaka kijiji cha pili na ndoo kichwani, anarudi jua likiwa limesimama, midomo imepasuka. Siku moja alianguka njiani, maji yote yakamwagika, akarudi alikotoka kuyachota upya. Ngeleja alimwona anaingia uani amechelewa vile, magoti yamechubuka. Kesho yake alichukua sururu na koleo, akaenda ukingoni mwa majaruba yake ya mpunga, akaanza kuchimba kisima.

Visima vya kule huchimbwa na watu wengi. Udongo wa mbugani juu ni mweusi na mgumu kama tofali, umejaa nyufa, lakini chini yake kuna mchanga unaotiririka, na ni lazima kuta zizuiwe kwa magogo. Magogo hubebwa na wanaume wengi. Ngeleja alikata matawi aliyoweza kubeba peke yake, akayasimamisha kwa kadiri ya uwezo wake. Alikuwa chini anachimba, Nyanjige yuko juu anavuta debe la udongo kwa kamba. Walifanya hivyo siku nyingi, na zilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu watengwe. Ngeleja alipatwa na maneno kule chini. Alikuwa anamsimulia mambo ya utotoni mwake, jinsi Bundala alivyombeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, na sauti yake ilikuwa inapanda kutoka shimoni ina mwangwi.

Asubuhi moja alipiga kelele, "Mchanga umelowa! Njoo uone, mchanga umelowa!" Nyanjige aliinama kuona. Alimwona anacheka, ameinua kiganja chenye matope. Kisha ukuta mmoja ulishuka. Haukutoa mlio mkubwa. Ulitoa mlio wa gunia la pamba linapodondoshwa ghalani. Vumbi lilipanda, na lilipotulia hapakuwa na mtu shimoni, palikuwa na udongo, na kamba imekaza.

Nyanjige alipiga mwano.

Alikuwa na sauti ya kutosha, na hapakuwa na upepo. Ng'ambo ya majaruba aliwaona wanawake pampuni wanageuka. Waliweka ndoo chini. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapita kwa baiskeli barabarani alisimama, mguu mmoja chini. Nyanjige aliinua mikono yote miwili akaita tena, akaita jina la mumewe, akawaita wale wanawake mmoja mmoja kwa majina yao, akamwita na Justina. Walisimama wakimtazama. Hakuna aliyeupaza mwano mbele.

Basi akashuka shimoni mwenyewe. Alichimba kwa koleo mpaka akaogopa kumkata, akalitupa, akachimba kwa mikono. Kucha zilitoka. Alikuwa anachimba na kuita, anachimba na kuita, na udongo aliourusha juu mwingine ulimrudia. Aliupata mkono kwanza, ule uliokuwa umeinuliwa. Ulikuwa wa moto. Aliushika, na vidole vikamfinya.

"Ngeleja, nipo!" alisema. "Nipo, nachimba!"

Vilimfinya tena. Alikuwa hawezi kuchimba na huku ameshika, na kila alipouachia ule mkono alihisi anamwacha. Alichimba kwa mkono mmoja. Alipokuja kushtuka, vidole vilikuwa vimelegea.

Wa kwanza kufika alikuwa Justina. Alikuja anakimbia na jembe, kanga imemwanguka njiani, analia kwa sauti. Nyuma yake wakafuata wanaume wengi kwa pamoja, kama maji yaliyokuwa yamezuiwa, na mbele yao Bundala. Walimtoa Ngeleja upesi sana, maana walikuwa wengi. Walimlaza juu ya tuta la jaruba. Bundala alimfuta udongo machoni na puani kwa kidole, taratibu, kama anavyofutwa mtoto, akamwita jina lake la utotoni. Kisha akainua uso.

"Kuanzia sasa wametoka," alisema kwa sauti ya mtemi. "Hawajatengwa tena."

Nyanjige alikuwa bado amekaa kando ya mumewe, mikono yake inatoka damu. Alisikia maneno yale, hakuinua kichwa.

Yaliyotokea ghalani aliambiwa na Justina baadaye, wakiwa wamekaa pamoja kwenye mkeka wa msiba. Siku ile mnunuzi binafsi wa pamba alikuwa amefungua mizani kwenye ghala la zamani la ushirika, na nusu ya kijiji ilikuwa pale imekaa juu ya magunia. Mwano ulipolia, kila mtu alisimama, kwa mazoea, kabla ya kujua ni wa nani. Kisha wakaitambua sauti. Masunga alikuwa ameshashika koleo lililokuwa mlangoni. Akamgeukia Bundala.

"Mtemi," alisema, "huo ni mwano."

Bundala alibaki amesimama. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Alikaa. Akakaa juu ya gunia, akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa, na watu mmoja mmoja wakakaa. Masunga naye akakaa, koleo mkononi. Mnunuzi, mtu wa kuja, aliuliza kuna nini, na hakuna aliyemjibu. Mwano uliendelea kulia. Mtu mmoja alianza kukohoa ili asiusikie. Justina alisokomeza kanga yake kinywani, akavumilia, akavumilia, mpaka aliposikia Nyanjige anaita jina lake, Justina, akaona hawezi tena, akanyakua jembe akatoka. Ndipo Bundala aliposimama, na wote wakamfuata.

"Ningetoka mwanzo," Justina alisema. "Ningetoka mwanzo, mwenzangu."

Nyanjige alimshika mkono. Justina ndiye aliyekuja.

Kaburi lilichimbwa na kijiji kizima. Wanaume walikuwa wengi kuliko makoleo, wakawa wanapokezana. Masunga aliingia ndani ya kaburi akakataa kupokewa, akachimba mpaka mikono yake ikaanza kutoka damu. Kuta zilinyooka vizuri. Nyanjige aliwatazama wakichimba na alishangaa jinsi kazi ile ilivyokwisha mapema.

Baada ya msiba alikwenda kituo cha polisi. Afande aliyempokea alikuwa mtu mzima na mpole. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," alisema. "Sasa nani alimsukuma?"

"Hakuna aliyemsukuma."

"Nani aliwazuia kutoka? Aliwafungia, aliwatishia?"

"Hakuna. Walikaa."

Afande aliweka kalamu chini. "Ningetaka kukusaidia. Lakini mimi namkamata mtu kwa alichokifanya. Hawa unaniambia hawakufanya kitu."

"Ndiyo," Nyanjige alisema. "Hawakufanya kitu."

Alimshukuru, akatoka. Nje alisimama kwenye jua asijue aelekee wapi. Alikuwa ameiamini sheria ya pale kwa moyo wake wote, ndiyo maana alimpeleka Joakim, na hakuichukia sasa. Aliona tu kwamba ina mipaka, kama shamba lina mipaka, na Ngeleja amefia ng'ambo ya mpaka.

Hakurudi Mwanjolela. Alihamia Binza kwa Klementina, ambaye mumewe alikuwa na duka dogo la vitu vya nyumbani, akawa anakaanga maandazi asubuhi na kuyauza mlangoni.

Bundala alimfuata huko mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, akaulizia afya za watoto, akaeleza habari za mpunga. Nyanjige aliendelea kukanda unga.

"Nimeuacha utemi," alisema hatimaye. "Wamemweka mwingine. Na tumebadilisha sheria, shemeji. Mtu anaweza kutengwa kwa mengine yote, lakini mwano sasa ni wa kila mtu. Tumekubaliana wote. Masunga ndiye aliyeleta hoja."

"Mlikuwa hamjui mpaka mkutane?"

Bundala alikunjua vidole vyake, akavikunja. "Nilikuwa najua. Nilikuwa najua pale pale nilipokaa. Nilisema moyoni, nikisimama kwa ndugu yangu leo, kesho kila mtu atasimama kwa ndugu yake, sheria imekwisha, na wezi watarudi kutuua. Nilikuwa nawaza hivyo huku namsikia. Sikuwaza mabaya, shemeji."

"Najua."

"Na ningesimama wa kwanza, wangenitenga na mimi."

Nyanjige aliacha kukanda. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ndiyo," alisema. "Tungekuwa watatu."

Mzee yule alifunika uso kwa kofia yake. Alilia kwa muda mrefu, mabega yakitikisika, bila sauti. Nyanjige hakumfariji wala hakumfukuza. Klementina aliporudi kutoka dukani aliwakuta hivyo, akaenda kuinjika ugali bila kuuliza. Bundala alikula kidogo, akaaga, akaenda kutafuta lori la kurudi Sola.

Tangu hapo alikuwa anakuja kila baada ya mavuno, anamletea mchele wa majaruba ya Ngeleja, ambayo sasa yalilimwa na Masunga na wanawe bila kuchukua chao. Nyanjige aliupokea, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja", akaulizia watu wa Mwanjolela kwa majina, nani ameoa, nani amejifungua, nani anaumwa. Waliongea kama ndugu. Habari za ghalani hawakuzigusa tena, na Bundala hakuwahi kuomba asamehewe. Labda alihofia jibu, labda aliona hana haki ya kuomba.

Mwaka Bundala alipofariki, Nyanjige hakukaanga maandazi asubuhi hiyo, akapanda lori peke yake, akaenda kumzika. Watu walipomwona anaingia msibani walisogea kumpisha. Alikaa na wanawake wengine kwenye mkeka mpaka tanga lilipoanuliwa, akawaaga, akarudi Binza.